Maji Yateremkayo Usambara Yana Hesabu Yake

Ndugu msomaji, asubuhi ya leo, kabla hujalichukua gazeti hili mkononi, yumkini umekwisha kutumia maji mara tatu au nne. Umenawa uso, umejaza ndoo, umeinjika birika la chai. Umeyaona maji yakijizungusha yanapoingia katika tundu la karo la kuoshea vyombo, na umeuona mvuke wa birika ukipanda wima kisha ukatawanyika kama kwamba umesahau ulikokuwa ukienda. Hukujiuliza lolote, wala hakuna wa kukulaumu. Maji ni kitu cha kila siku, na aghalabu kitu cha kila siku hakiulizwi maswali.

Hata hivyo, nimeona leo tukae pamoja tuyaulize maji maswali machache, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hesabu ile ile iliyokutoa jasho ulipokuwa shule ndiyo inayoeleza kwa nini wingu hukaa juu ya mlima, kwa nini mto huchimba na kwa nini bonde moja lina mvua na jirani yake lina vumbi. Ya pili inanigusa mimi mwenyewe. Katika milima ya Usambara, karibu na Soni, wilaya ya Lushoto, kuna shamba la ukoo wetu ambalo mwaka huu limezua mjadala mrefu baina yangu na kaka yangu. Mjadala huo hauwezi kukatwa kwa maneno matamu wala kwa hasira. Unataka hesabu.

Usidhani kwamba haya ni mambo ya watu wa milimani peke yao. Kabichi, karoti na viazi unavyonunua Kariakoo, vingi vimeshuka kwa malori kutoka Lushoto. Maji wanayokunywa watu wa Tanga hutoka mto Zigi, unaoanzia Usambara Mashariki. Mto Pangani, ambao huzungusha mitambo ya umeme ya Hale, yenye uwezo wa megawati 21, na ile ya Pangani iliyozinduliwa mwaka 1995 yenye uwezo wa megawati 68, hupokea maji ya Mkomazi na Lwengera yatokayo katika milima hiyo hiyo. Mkulima wa Usambara akikosea jembe lake, matope hayaishii shambani kwake.

KANUNI NI CHACHE

Watu wengi hudhani kwamba mwendo wa maji hauna kanuni. Naam, ukitazama maporomoko ya Soni yanavyotoa povu utakubaliana nao. Lakini wataalamu waliogundua kanuni zake hawakuhitaji mambo mengi. Walihitaji matatu tu.

Jambo la kwanza ni kwamba maji hayapotei njiani. Kiasi kinachoingia upande mmoja wa mfereji, ikiwa hakuna kinachovuja wala kukauka, ndicho kitakachotoka upande wa pili. Kwa hiyo pakiwa pembamba, maji hulazimika kukimbia; pakiwa papana, hutembea polepole. Kila mtoto aliyeziba nusu ya mdomo wa mpira wa kumwagilia bustani kwa kidole gumba ameifanya hesabu hii bila kuijua.

Jambo la pili lilisemwa na Mwingereza Isaac Newton mwaka 1687: kitu hakibadili mwendo wake mpaka kisukumwe au kivutwe. Mwaka 1757 mtaalamu wa hisabati Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alichapisha milinganyo iliyoitumia kanuni hiyo kwa kila chembe ya maji ndani ya mkondo. Chembe moja inavutwa na uzito wake kwenda chini, huku jirani zake wakiisukuma kutoka kila upande. Jumla ya misukumo hiyo ndiyo inayoamua itakwenda wapi.

Jambo la tatu ni mnato. Asali, uji na maji vyote humiminika, lakini havimiminiki sawasawa, kwa kuwa tabaka moja husuguana na tabaka jirani. Mfaransa Claude-Louis Navier mwaka 1822, na baadaye George Stokes, mzaliwa wa Ireland, mwaka 1845, waliuingiza msuguano huo katika hesabu. Hadi leo milinganyo yao ndiyo inayotumiwa na wanaounda ndege, wanaochunguza mbio za damu katika mishipa, na wanaotabiri hali ya hewa. Hewa nayo, ndugu msomaji, hutiririka kama maji. Tofauti ni kwamba mkondo wake hatuuoni.

WINGU LINAVYOPANDA MLIMA

Hebu tuanze na hewa hiyo. Pepo za kusi hutoka Bahari ya Hindi zikiwa zimebeba unyevu. Zikifika Usambara hukuta ukuta wa mlima, na kwa kuwa haziwezi kupita katikati ya jabali, hupanda. Hewa inayopanda hutanuka, na ikitanuka hupoa. Kabla ya wingu kutokea hupoa kwa karibu nyuzi 10 za Sentigredi kwa kila mita 1,000.

Tuchukue mfano. Hewa ya pwani ina nyuzi 28, na unyevu wake ni wa kiasi kwamba ikipozwa mpaka nyuzi 22 huanza kutoa umande. Wataalamu wana kanuni nyepesi: kila uzi mmoja wa tofauti hiyo ni sawa na mita 125 za kupanda. Tofauti yetu ni nyuzi 6, na 6 mara 125 ni 750. Basi kwenye kimo cha mita 750 hivi wingu litaanza. Ndiyo maana msafiri anayepanda kutoka Mombo aghalabu huliacha jua chini na kukutana na ukungu njiani. Ukungu huo ndilo wingu lenyewe, ila wewe umo ndani yake.

Tuendelee kupanda. Pale kwenye mita 750 hewa yetu ina nyuzi 20 na nusu. Kuanzia hapo hupoa polepole zaidi, tuseme nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, maana mvuke unapogeuka kuwa matone hutoa joto lake. Ikifika mita 1,750 ina nyuzi 14 na nusu, na maji yake imeyamwaga mlimani. Sasa inavuka na kuteremka upande wa bonde la Mkomazi ikiwa kavu. Kwa kuwa haina tena wingu la kukausha, hupata joto kwa nyuzi 10 kwa kila mita 1,000. Itakapofika kimo cha mita 450 itakuwa imeongeza nyuzi 13, yaani ina nyuzi 27 na nusu. Ilipokuwa ikipanda upande wa pili ilipita kimo hicho hicho ikiwa na nyuzi 23 na nusu. Mlima umeinyang'anya maji na kuipa nyuzi 4 za joto. Hiyo ndiyo sababu Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, hali bonde la Mkomazi ni nchi ya miiba.

Lakini kwa nini wingu lenyewe halianguki? Maji si mazito kuliko hewa? Ni mazito, na wingu huanguka, ila haraka yake ni ndogo mno. Tone la ukungu lenye upana wa sehemu moja ya hamsini ya milimita huanguka kwa kasi ya sentimita 1 na kidogo kwa sekunde. Kuteremka mita 1,000 lingehitaji karibu siku nzima, na kabla ya hapo upepo utakuwa umelirudisha juu. Tone la mvua lenye upana wa milimita 2 huanguka mita 6 na nusu kwa sekunde, na safari hiyo hiyo huimaliza kwa dakika 2 na nusu. Kati ya ukungu na mvua, basi, tofauti ni ukubwa wa tone.

Wazee wa Shambaai walijua kwamba mvua ni jambo la uhai na mauti. Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala Vuga katika karne ya 19, aliheshimiwa pamoja na mengine kwa sababu watu waliamini kwamba mvua imo mikononi mwa mfalme. Nchi ilipopata mvua na shibe walisema mfalme ameiponya, kuzifya shi. Ilipokauka walisema ameidhuru, kubana shi. Leo tunasikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, uliotokana na kompyuta zinazokokotoa milinganyo ya akina Navier. Mwingereza Lewis Fry Richardson, katika kitabu chake cha mwaka 1922, alikadiria kwamba wangehitajika watu 64,000 wakikokotoa kwa pamoja ili hesabu ya hali ya hewa ya dunia iende sambamba na hali ya hewa yenyewe. Mashine zimechukua nafasi ya watu hao. Hofu yetu tunapotazama juu mwezi Machi, hata hivyo, haijabadilika sana.

HESABU YA MFEREJI

Nirudi sasa kwenye shamba. Kipande cha juu kina miti ya grevilea aliyoipanda marehemu baba, na chini yake mistari ya majani ya Guatemala. Katikati hupita mfereji mdogo wa tangu enzi za wazee, uliozunguka ubavu wa mlima kama mshipi. Kipande cha chini, karibu na bonde, ndicho chenye mboga. Kaka yangu, ambaye ndiye anayelima, anataka kuifyeka miti ya juu apande viazi na kabichi. Aidha anataka kuukata mfereji upya, ushuke moja kwa moja kutoka juu hadi bondeni, maana mfereji wa wazee unazunguka mno, na kila asubuhi humpotezea saa nzima akifuatilia maji.

Sikumwona kuwa mpumbavu. Binti yake amepata nafasi chuoni, na ada haingoji miti ikue. "Mdogo wangu," aliniambia, "ninyi wa magazetini mnaipenda miti kwa sababu hamuili." Mama alinyamaza. Shamba ni lake hadi leo, na kila mmoja wetu alijua kwamba neno la mwisho litatoka kwake.

Nilipokwenda likizo nilimwomba mwalimu mmoja wa hisabati wa sekondari ya jirani atusaidie kupima. Hakuja na mashine yoyote. Alikuja na mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji, kama ule wautumiao waashi kusawazisha msingi. Maji yaliyotulia ndani ya mpira husimama kimo kimoja ncha zote mbili, hata mpira ukipinda vipi, na hiyo nayo ni kanuni ya vimiminika. Tukapima mita 10 za mfereji wa wazee na kukuta umeteremka sentimita 5 tu. Yaani katika kila hatua 200 mfereji unashuka hatua moja. Mzee aliyeuchimba hakuwa na mpira. Alikuwa na jembe na macho, akaruhusu maji yamwonyeshe njia.

Kisha mwalimu akaangusha jani majini, nami nikashika saa. Jani lilikwenda mita 10 kwa sekunde 20, yaani nusu mita kwa sekunde. Akatueleza kwamba maji ya juu hukimbia kuliko yale yanayosuguana na udongo wa chini na wa kando, hivyo kasi ya wastani ni kama sehemu 8 kati ya 10 za ile ya jani. Tukapata sentimita 40 kwa sekunde. Mfereji una upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 15. Zidisha zote tatu, utapata lita 24 kwa kila sekunde. Kwa saa moja ni lita 86,400, sawa na mapipa 432 ya lita 200. Kaka yangu alikaa kimya, kisha akasema hakujua kwamba ana utajiri wa kiasi hicho.

Ndipo tukapima njia anayoitaka yeye. Mita 10 zilishuka mita 2 kamili. Mteremko wake ni mara 40 ya ule wa zamani.

Hapa ndipo ninapokuomba, ndugu msomaji, usikimbie. Mhandisi wa Ireland Robert Manning, katika karatasi yake ya mwaka 1889, alitoa kanuni ambayo wahandisi wa mifereji bado wanaitumia. Kanuni hiyo husema kwamba, kina kikiwa kile kile, kasi ya maji huongezeka kwa kipeuo cha pili cha mteremko: mteremko ukiwa mara 4, kasi huwa mara 2. Kipeuo cha pili cha 40 ni 6 na kidogo. Lakini maji yakikimbia kina chake hupungua, na kikipungua msuguano huyashika zaidi. Ukiyahesabu yote mawili, kasi ya maji ya kaka yangu ingeongezeka mara 3 hivi, kutoka sentimita 40 kwa sekunde hadi sentimita 120. Vitabu vya uhandisi huonya kwamba mfereji wa udongo wa kawaida usipitishe maji yanayozidi sentimita 60 hadi 75 kwa sekunde, au sivyo utaanza kuliwa.

"Mara tatu si nyingi," kaka yangu akasema.

Mwalimu akachora ardhini kwa kijiti. Uzito wa jiwe kubwa kabisa ambalo mkondo waweza kulisukuma huongezeka kwa kipeo cha sita cha kasi. Kasi ikiwa mara 2, jiwe laweza kuwa zito mara 64. Kasi ikiwa mara 3, andika 3 mara 3 mara 3 mara 3 mara 3 mara 3, utapata 729. Ni makadirio, alisema, maana mawe hayalingani umbo wala hayalali namna moja, lakini ukubwa wa hatari ndio huo. Mfereji ambao jana ulisogeza kokoto la gramu 10 kesho utasogeza jiwe la kilo 7.

JIWE LA MWAKA ULE

Namba hiyo ilinitia baridi, kwa sababu jiwe la namna hiyo ninalifahamu. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipoipiga nchi yetu nilikuwa mtoto mdogo. Usiku mmoja maji yaliacha njia yake yakafuata kijia cha miguu kilichoshuka wima kando ya shamba letu. Kulipokucha kijia hicho kilikuwa korongo lenye kina cha kumficha mtu mzima, na katikati ya mahindi palikuwa na jiwe ambalo wanaume wanne walishindwa kulisogeza. Nyumba ya jirani ilibaki na kuta tatu. Hakuna aliyekufa, tukamshukuru Mungu, lakini udongo ulioondoka usiku ule haujarudi. Kwa miaka mingi niliamini kwamba kulikuwa na nguvu ya ajabu majini. Sasa najua ni mteremko, kasi, na kipeo cha sita.

Nguvu hizo hutoka wapi? Kutoka Lushoto hadi Mombo maji huteremka karibu mita 900. Kama yangeanguka bila kuguswa na chochote, wala hewa, yangefika chini kwa kasi ya karibu kilomita 480 kwa saa. Hayafiki hivyo, kwani njiani husuguana na mawe, mizizi na kingo. Kila tani moja ya maji katika safari hiyo hutoa nishati sawa na uniti 2 na nusu za umeme, kama zile unazonunua kwa LUKU. Maji ni lazima yazitumie kabla ya kufika bondeni. Yakikuta mawe, majani na mizizi, yatazitumia kwa kupiga kelele na kutoa povu. Yakikuta udongo mtupu, yatazitumia kuuchimba.

Na udongo unaochimbwa haurudi upesi. Jaza ndoo maji mekundu ya mto baada ya mvua, kisha uiache. Chembe ya mchanga laini, yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, hufika chini ya kina cha sentimita 30 kwa chini ya dakika moja. Chembe ya mfinyanzi, iliyo ndogo mara 50, huhitaji karibu siku nzima, kwani kanuni ya Stokes hufuata mraba wa upana: ndogo mara 50, polepole mara 2,500. Kwa hiyo mchanga hubaki mferejini kuuziba, lakini mfinyanzi, wenye kushika rutuba, hausimami hata maji yapate utulivu. Rutuba ya Lushoto husafiri mpaka baharini.

HESABU BILA RIDHAA

Yumkini utasema: basi wakulima waamriwe. Jambo hilo lilikwisha kujaribiwa. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya mkoloni iliwalazimisha wakulima wa Usambara kulima kwa matuta yanayokata mteremko, na aliyekaidi alishitakiwa. Wananchi walikataa. Kazi ilikuwa nzito, na sehemu kubwa iliwaangukia akina mama. Ardhi nayo ilikuwa haba. Upinzani huo uliungana na harakati za kudai Uhuru, na mpango ukafa kabla ya mwaka 1961.

Mkoloni hakukosea kwamba mteremko ukikatwa maji hupunguza kasi. Alikosea kudhani kwamba hesabu ya maji inatosha bila hesabu ya mikono ya watu, saa zao na chakula chao. Mradi wa SECAP, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Ujerumani, ulipita njia nyingine: mistari ya majani ya Guatemala na miti ikifuata kimo kimoja cha mlima. Majani hayo hulisha ng'ombe, na mkulima huona faida yake mwaka huo huo. Ile mistari ya baba ilitokana na mafunzo ya miaka hiyo.

Wala tusijidai kwamba hisabati imekwisha kuyajua yote. Washa udi nyumbani, uutazame moshi. Mwanzo hupanda umenyooka kama uzi. Baada ya sentimita kadhaa huvurugika na kujipinda. Osborne Reynolds alionyesha badiliko hilo kule Manchester mwaka 1883 kwa kupitisha rangi ndani ya mabomba ya kioo, akapata namba ya kukisia lini utulivu utageuka msukosuko. Lakini msukosuko wenyewe ungali fumbo. Mwaka 2000 taasisi ya hisabati ya Clay huko Marekani iliahidi dola milioni moja kwa mtu atakayethibitisha ama kukanusha kwamba milinganyo ya Navier na Stokes haifiki mahali ikavunjika. Zawadi hiyo haijachukuliwa. Mtoto wa Lushoto anayecheza na mashua ya ganda la mgomba anachezea swali ambalo mabingwa wa dunia hawajalijibu.

MAMA ALIVYOAMUA

Jioni ile, baada ya mwalimu kuaga, mama alizungumza. Mfereji wa wazee usiguswe. Majani ya Guatemala yabaki yote, na mistari miwili iongezwe pale palipo wima zaidi. Lakini nusu ya miti ya baba, ile iliyo upande usio na mteremko mkali, ikatwe na kuuzwa, fedha zake ziwe ada ya muhula wa kwanza, na viazi vipandwe hapo. Muhula wa pili? Mama alinitazama mimi. "Wewe uliyeleta hesabu," alisema, "hesabu hii nayo imo." Tangu mwezi huo ninatuma sehemu ya mshahara wangu, na sioni uonevu. Anayemtaka mwenzake aache miti ili udongo ubaki, hapana budi ashike upande mmoja wa mzigo.

Kaka yangu hajaridhika kabisa. Angali anasema saa moja ya kila asubuhi ni nyingi, na kweli ni nyingi. Mwaka ambao mvua zitachelewa tutaujadili mfereji upya. Hata hivyo, juzi aliniandikia kwamba amepima mwenyewe mteremko wa kijia kipya ambacho watoto wamekizoea kuteremkia mtoni, akakuta ni mkali kuliko hata mfereji alioutaka, naye amekiziba kwa mawe na majani kabla ya masika. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walikwisha kuliona hilo.

Nawe ndugu msomaji, ikiwa una shamba kwenu, likizo ijayo chukua mpira wa maji, jani na saa. Mwite mtoto wako wa sekondari akufanyie hesabu, na umwulize mkulima wa hapo maji yalipita wapi mwaka wa gharika. Ukiyaweka majibu hayo mawili pamoja, utajua mahali pa kupanda majani kabla mvua haijaja kukuonyesha yenyewe.